Studio ya N.C. Wyeth, Chadds Ford: panda mlimani kwanza, picha za ghorofani baadaye

Watu wengi wanaofika Brandywine Museum of Art, pale Chadds Ford, Pennsylvania, hukata tiketi, wakapanda ghorofani kutazama picha, wakanywa kahawa huku wakiangalia mto, kisha wakarudi zao. Hiyo ni nusu ya ziara. Nusu nyingine, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito, iko mlimani, mwendo mfupi kwa basi dogo la makumbusho. Huko ndiko iliko nyumba na studio ya Newell Convers Wyeth, mtu aliyewachorea Wamarekani kauboi wao, maharamia wao na vita vyao vya zamani, kisha akawarithisha watoto wake kazi ileile. Nawaandikia wenzangu mnaoishi Philadelphia, Wilmington na Baltimore, mnaotafuta pa kupeleka watoto siku ya Jumamosi, pamoja na yeyote anayeshika brashi popote alipo.

Niseme naangalia kwa jicho gani. Nimezaliwa Majengo, Mombasa, kwa fundi wa mabango. Baba aliandika majina ya maduka, akachora vikombe vya chai kwenye kuta za mikahawa na simba kwenye milango ya malori. Kaka yangu ndiye aliyeshika kazi baada yake. Mimi nilikuwa wa kuosha brashi kwa mafuta ya taa na kujaza rangi ndani ya herufi alizokwisha kuzipiga mstari. Kwa hiyo nikiambiwa ukoo fulani ni wa wachoraji, siulizi habari za damu. Nauliza nani alimfundisha nani, kwenye chumba gani, na kwa zoezi lipi. Chadds Ford inajibu maswali yote matatu, na ndiyo sababu naisifu.

Wyeth alizaliwa Needham, Massachusetts, mwaka 1882. Oktoba 1902 alifika Wilmington, Delaware, kusoma kwa Howard Pyle, bingwa wa picha za vitabu na magazeti wa wakati ule, mwalimu ambaye hakuwatoza wanafunzi wake ada. Pyle alikuwa mkali kwa jambo moja. Ukichora askari wa karne iliyopita, lazima ujue koti lake lilivyofungwa, na wewe mwenyewe uingie ndani ya tukio mpaka usikie baridi yake. Kijana alishika haraka mno. Februari 1903 picha yake ya kauboi juu ya farasi mkorofi ilitoka kwenye jalada la gazeti la Saturday Evening Post, na wakati huo Wyeth alikuwa hajawahi kukanyaga Magharibi ya Marekani, nchi ya kauboi.

Mwaka 1904 akaenda kujionea. Colorado alifanya kazi na wachunga ng'ombe, akalala nje, akapanda farasi kutwa nzima wakati wa kukusanya mifugo. Alipofika upande wa New Mexico fedha zake zikaibwa, ikabidi atafute kibarua, akapata cha kubeba barua kwa farasi kati ya Fort Defiance, Arizona, na Two Grey Hills, katika nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Amerika. Mbele ya picha zake za Magharibi, kumbuka kwamba huyu mtu alishawahi kuwa tarishi wa farasi. Miaka miwili baadaye kampuni ya uji ya Cream of Wheat ilimpa kazi ya tangazo. Akamchora mpanda farasi amesimama nyikani mbele ya sanduku la barua lililotengenezwa kwa kreti la uji huohuo. Picha hiyo sasa iko kwenye jumba la sanaa la Minneapolis, imetundikwa pamoja na sanaa ya heshima, na inastahili. Farasi amesimama kama asimamavyo mnyama aliyechoka, na mtu ameinama kwenye tandiko kwa namna ambayo huwezi kuibuni kama hujawahi kuishika barua ile mkononi.

Najua alisononeka maisha yake yote kwa kuitwa mchoraji wa vitabu na matangazo. Alitaka aitwe mchoraji, basi. Nalisema hili kwa moyo mzima kwa sababu nimelelewa na tangazo: lile tangazo la uji ni picha kamili. Kulipwa na muuza uji hakukumpunguzia mkono.

Sasa tupande studio. Fedha za kununulia eneo hili, ekari 18 za kilima, alizipata mwaka 1911 kwa kazi ya kuchorea Treasure Island, hadithi ya maharamia ambayo wazee wetu waliisoma kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Nyumba ni ya matofali, ya wastani, yenye vyumba vya watu waliokuwa wakikaa pamoja na kupiga kelele, na sitakaa sana hapo. Studio iko juu zaidi.

Kinachokupokea ni dirisha. Ni kubwa, linatazama kaskazini, lina tao katikati na vioo vyembamba pembeni. Mchoraji anajua kwa nini kaskazini. Katika nchi hizi zilizo mbali juu ya ikweta, jua halipigi upande huo, kwa hiyo mwanga hauchomi wala haubadiliki upesi, na kivuli ulichokianza saa tatu asubuhi bado unakikuta saa nane mchana. Baba yangu hakuwa na dirisha la namna hiyo. Alikuwa na mwarobaini mmoja uani, na ubao wake ulikuwa unauzunguka mti siku nzima ukifuata kivuli. Nilisimama chini ya mwanga ule nikafikiria ni herufi ngapi zaidi angeziandika.

Halafu vitu. Bunduki za zamani, mavazi, sanamu za plasta, vitabu, mifano ya meli. Nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, amekuja likizo, ana umri wa kuuliza kila kitu.

"Shangazi, mbona bunduki ni nyingi kuliko brashi?"

Nikamwambia hizo pia ni zana za kuchorea. Mtu wa Pyle hachori bunduki ya kukisia. Anaitoa ukutani, anamkabidhi jirani aishike, anaona bega linavyoshuka kwa uzito, ndipo anachora bega.

Kitu kilichonishika zaidi kiko juu, karibu na dari: mtumbwi wa gome la mti, wa aina waliyoitumia wenyeji wa misitu ya kaskazini. Mwambie mwongozaji akuache usimame chini yake. Gome hukunjwa juu ya mbavu za mbao nyembamba, hushonwa kwa mizizi, na mishono huzibwa kwa utomvu, bila msumari hata mmoja. Mtu wa pwani akiangalia mishono ile haachi kuukumbuka mtepe wa Lamu, ulioshonwa kwa kamba za nazi. Chombo kilichoshonwa hulegea na maji badala ya kushindana nayo. Wyeth alikuwa nacho juu ya kichwa chake miaka na miaka, na mitumbwi ya kwenye picha zake imekaa majini sawasawa, haielei juu kama karatasi.

Hapa lazima niseme lile ninalolikataa kwake. Mwaka 1907 gazeti la Outing lilichapisha mfululizo wa picha zake zilizoitwa The Indian in His Solitude. Mwenyeji wa Amerika yuko peke yake msituni, anavua peke yake, anatazama maji peke yake. Ni nzuri kwa rangi, sikatai, na rangi ya maji ya kina kirefu mle inatisha kwa ustadi. Lakini Wyeth alikuwa ametoka kubeba barua kwenye nchi ya Wanavajo. Aliwaona wana kondoo, wana wake, wana madeni na bei za sufu kwenye maduka ya biashara. Alijua kwamba si watu wa upweke. Aliporudi nyumbani akawachora kama watu ambao tayari wamekwisha, waliobaki na huzuni tu, kwa sababu magazeti ya Mashariki ya Marekani ndivyo yalivyotaka kuwaona. Alipomchora farasi, mkono wake ulikumbuka kazi, akasema kweli. Alipomchora jirani yake wa Two Grey Hills, akachora ndoto ya wahariri. Kama unakwenda na watoto, zungumzeni hilo mkiwa palepale. Mtoto wetu aliuliza mwenyewe familia ya yule mvuvi iko wapi.

Turudi kwenye urithi, maana hapa ndipo studio hii inapozipita nyumba nyingi za wasanii nilizoziona. Ukitaka kujua Wyeth aliwafundishaje watoto, angalia zile sanamu za plasta na maumbo ya kawaida: mche, yaani kisanduku cha plasta chenye pande sita, mpira, na umbo la pia lenye ncha. Zoezi lilikuwa hilo. Kaa chini, chukua kipande cha mkaa, chora mche uliowekwa kando ya dirisha. Ukimaliza, chora tena. Hakuna kuruka kwenda kwenye farasi na bahari kabla hujaweza kuonyesha upande upi wa kisanduku uko kwenye mwanga, upi uko kivulini, na upi unapokea mwanga uliorudi kutoka mezani. Andrew, mtoto wa mwisho, ambaye alikuwa mgonjwamgonjwa na kusomeshwa nyumbani, aliingia rasmi studio mwaka 1932 akiwa na miaka 15, akaanza na maumbo hayohayo. Dada yake Henriette alikuwa na mkono wa kulia ulioathiriwa na polio tangu utotoni. Akajizoeza kuchora kwa mkono wa kushoto na kupaka rangi kwa wa kulia, akawa miongoni mwa wachoraji bora wa nyuso na maua. Carolyn alibaki katika nyumba hii mpaka alipofariki mwaka 1994, akafundisha humuhumu. Ann alitunga muziki na kuchora pia. Nathaniel peke yake ndiye aliyekwenda uhandisi, na ndiye aliyebuni chupa ya plastiki ya soda, ile inayookotwa na kuuzwa tena mpaka soko la Kongowea.

Kisha kizazi cha tatu. Jamie, mtoto wa Andrew, aliacha shule baada ya darasa la sita, akapelekwa kwa shangazi yake Carolyn kwenye studio hiihii ya babu yake. Shangazi akamkalisha mbele ya mche na mpira. Babu yake alikuwa amekwisha kufariki kabla hajazaliwa, lakini alijifunza kwake kupitia dirisha lilelile na vitu vilevile. Mtu akisema kipaji kile kilikuwa kwenye damu ya Wyeth, mpeleke akaone mche wa plasta.

Upande wa pili wa jengo kuna chumba kilichoongezwa mwaka 1923 kwa ajili ya picha za ukutani, chenye dari refu sana. Mwaka 1939 kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya New York ilimpa kazi ya kuchora historia ya mahujaji wa kwanza wa Kiingereza waliohamia Amerika. Hakuimaliza. Oktoba 1945 gari lake liligongwa na treni kwenye njia ya reli karibu na hapa, akafa pamoja na mjukuu wake mdogo. Zile picha za ukutani zilimalizwa na Andrew pamoja na John McCoy, mume wa Ann, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa mzee. Nyumbani kwetu hali kadhalika: bango la duka la vitambaa ambalo baba aliliacha na herufi tatu, kaka alilimaliza, na mpita njia hawezi kuonyesha mkono mmoja uliishia wapi na mwingine ukaanzia wapi.

Ukishashuka mlimani, ndipo upande ghorofani kwenye makumbusho. Jengo lenyewe lilikuwa kinu cha kusagia nafaka, lilijengwa mwaka 1864, likafunguliwa kama makumbusho mwaka 1971, na kuta za kioo zinautazama mto Brandywine. Mlangoni kuna nguruwe wa shaba ambaye watoto wote humpanda. Picha za Wyeth zitakushtua kwa ukubwa. Wengi wetu tumeziona zikiwa kubwa kama kiganja, ndani ya kitabu, kumbe zile za maharamia zina kimo cha zaidi ya mita moja. Sogea karibu uone rangi ilivyowekwa: nene kwenye sehemu za mwanga, nyembamba kivulini, viboko vya brashi pana visivyosita. Kisha rudi nyuma hatua sita, ile fujo inageuka kuwa kitambaa kilicholowa. Usimpite nguruwe mkubwa wa Jamie wa mwaka 1970, ambaye kila unywele wake umehesabiwa. Za Andrew ni kavu, kimya, rangi ya majani yaliyokufa. Watu humpenda zaidi yeye, na siwezi kubishana na kaya yenye mchoraji wa namna hiyo, ila mimi nilitumia muda wangu mwingi kwa baba yake.

Ukavu ule wa Andrew umetoka kwa mtu ambaye nyumba hii inamtaja kwa kifupi kuliko ninavyopenda, naye ni Peter Hurd. Alizaliwa Roswell, New Mexico, mwaka 1904, mwaka uleule ambao Wyeth alikwenda Magharibi kutafuta kauboi. Hurd alisafiri kinyume chake. Aliacha chuo cha kijeshi cha West Point, akaja huku Mashariki kumtafuta Wyeth amfundishe, akapitia mkaa na maumbo kama wengine, akamuoa Henriette mwaka 1929. Ndiye aliyeileta katika ukoo rangi ya yai. Unatenga kiini, unatoboa ngozi yake, unakichanganya na maji na unga wa rangi, kisha unapaka kwa viboko vidogovidogo juu ya ubao uliosilibwa kwa matabaka ya jasi mpaka ukawa laini kama sahani. Inakauka mara moja, huwezi kuisukumasukuma kama ya mafuta. Nimeijaribu jikoni kwangu na inakulazimisha uamue kabla ya kugusa. Andrew aliishika kwake, hakuiacha tena.

Hurd akarudi kwao na Henriette, wakaishi San Patricio, New Mexico, kwenye ranchi. Huko akachora Magharibi kwa njia ambayo baba mkwe wake hakuiweza: vilima vyake anavyovijua kwa majina, vinu vya upepo, matangi ya maji, wafanyakazi wa ranchi ambao ni majirani zake. Mwanawe Michael naye ni mchoraji. Miaka ya 1960 Hurd alimchora Rais Lyndon Johnson, rais akaikataa akisema ni kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kuviona. Sasa picha hiyo iko National Portrait Gallery, Washington, na anayeitazama leo anamwona Johnson hasa. Kwa historia, kazi yake kubwa ni ile ya ukutani kwenye Holden Hall, Chuo Kikuu cha Texas Tech, mjini Lubbock, aliyoichora miaka ya mwanzo ya 1950. Inazunguka ukumbi wa mviringo ikionyesha walowezi wa nyanda zile, mchunga ng'ombe, daktari, mwalimu, mfanyabiashara, watu wenye kazi na nyuso. Hakuna aliyesimama peke yake kando ya maji.

Mambo ya safari ni machache. Nenda kwa gari, utafuata barabara ya U.S. 1. Nafasi ya studio ichukue mapema kwa sababu vikundi ni vidogo, na uangalie ratiba kabla, maana nyumba za wasanii hufungwa wakati wa baridi. Mwenye shida ya magoti aulize kabla kuhusu mwinuko. Mwenye saa mbili tu aache duka na mkahawa, azitumie zote kati ya dirisha lile na chumba cha maharamia. Na mliopo Texas au New Mexico hamna haja ya kuja mpaka huku ili muanze: nendeni Lubbock mkaangalie ukuta wa Hurd, kisha Roswell, mji wake, ambako jumba la makumbusho lina kazi zake na za Henriette, ila lilifungwa baada ya mafuriko ya Oktoba 2024, kwa hiyo ulizeni kwanza kama limefunguliwa.